Upepo wa Wete, Sindano za Nanjing

Ami yangu alikaa miaka 31 kwenye mizani ya karafuu. Gunia likipandishwa, alitupa jicho mara moja kwenye mshale na kuitaja hesabu kwa sauti iliyowafikia mpaka wachukuzi waliokuwa nje wakigombania kivuli. Wakulima wa Wete, kisiwani Pemba, walikuwa wakisema karani yule haisomi mizani, anaisikia. Alipostaafu hakuacha kupita kituoni kila msimu "kuwasalimia vijana", na ukimtazama midomo ungeona anahesabu.

Asubuhi moja, majamvi yameshatandazwa uani na karafuu zinaanza kugeuka rangi, Ami alitoka msalani ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulining'inia kama mkono wa kanzu iliyoanikwa. Mkewe, ambaye nyumba nzima tunamwita Bimkubwa, akamuuliza, "Vipi bwana, kulikoni?" Ami akafungua mdomo. "Moja," akasema. Akaulizwa tena. "Moja, mbili, tatu," na akaendelea hivyo hadi kumi, machozi yakimtiririka.

Majirani wakaja. "Kapigwa na upepo huyu," alisema mmoja wao, na mjadala ukaishia hapo. Akaitwa mwalimu, likaandikwa kombe kwa zafarani, Ami akanyweshwa, na nusu yake ikamwagikia kifuani kwa sababu upande wa kulia wa mdomo haukufunga. (Leo najua kwamba mtu aliyepatwa na kiharusi hanyweshwi kitu, hata maji, mpaka ithibitike kuwa anameza sawasawa. Kinaweza kushukia mapafuni.) Hospitali tulifika alasiri. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kila dakika inayopita bila matibabu huondoka na seli za neva milioni 1.9. Toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni ni dakika 480. Ami angezidisha kichwani kabla hujamaliza kumtajia. Mimi nilihitaji simu: milioni 912.

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Nilimsimamia Ami miezi minne: goti, kifundo, bega, kisha goti tena. Akatembea. Alitembelea mkongojo na mguu ulifagia sakafu kidogo, lakini msikitini alikwenda mwenyewe, na pongezi nikapokea mimi. Kuhusu maneno sikufanya lolote. Wodini tulikuwa tumeambiwa, "Huyu keshakuwa bubu, mshukuruni Mungu kwa mguu," na mimi, niliyekaa darasani miaka kusomea mwili wa binadamu, nikaitikia alhamdulillahi.

Wala hakuwa bubu. Kwenye sala alisoma Fatiha yote bila kukosea herufi. Ukimpa salamu alikuitikia kama zamani. Ukimgonga mguu mbovu kwa bahati mbaya, lilimtoka tusi safi la bandarini. Lakini umuoneshe kikombe umuulize ni nini, alikigeuza, akakitazama ndani, akahema, akasema "moja." Basi wapo ndugu walioanza kunong'ona kwamba mzee anajifanya. Mtu anayesoma Kurani, vipi ashindwe kuomba chai?

Jibu la swali hilo lilianza kutafutwa Ufaransa zamani sana. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre, kusini ya Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa mmoja aliyeitwa Leborgne. Alikuwa ameishi humo miaka 21, na karibu kila alichoulizwa alijibu "tan, tan". Wenzake wakamwita Tan. Alielewa mengi aliyoambiwa, na akikasirika, kiapo kizima cha Kifaransa kilimtoka bila kukwama. Alipokufa siku chache baadaye, Broca aliufungua ubongo wake akakuta umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Miaka 13 baadaye Mjerumani Carl Wernicke akaeleza hali iliyo kinyume chake: mgonjwa anasema kwa mtiririko, maneno mengi, lakini hayana maana, na anayoambiwa hayamwingii. Kwa watu wengi sana lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo, upande huohuo unaoendesha mkono wa kulia. Ndiyo maana mkono wa Ami na maneno yake viliondoka pamoja.

Ugonjwa wenyewe huitwa afasia, na huwapata kama theluthi moja ya wanaopigwa na kiharusi. Mdomo mzito ni jambo jingine: huyo ana maneno yote, ila ulimi unayatafuna. Mwenye afasia anaweza kuwa na ulimi mwepesi kabisa. Kilichopotea ni njia kutoka kwenye maana kwenda kwenye neno. Vitu vilivyokaririwa kwa pamoja, kama hesabu ya moja hadi kumi, dua, salamu, matusi na nyimbo, hupita njia nyingine, na mara nyingi husalimika. Ami alikuwa na namba zote kumi na hana hata moja ya kutumia. Umuulize ana watoto wangapi, alilazimika kuanza moja na kupanda ngazi, na mara nyingi aliipita ngazi yake.

Haya yote niliyajua Nanjing.

Wazee wa Unguja na Pemba wanaijua sindano ya Mchina kuliko wanavyolijua neno akupancha. Timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na jimbo linalotuletea madaktari ni Jiangsu, ambalo mji wake mkuu ni Nanjing. Nilipopata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu katika hospitali moja ya mji huo, Bimkubwa alisema, "Basi unakwenda kwao kabisa," kama mtu anayempeleka mwanawe kwa wakwe. Nilikuta barabara zimefunikwa na miti mikubwa pande zote mbili, matawi yakikutana juu kama paa, na joto la Julai ambalo Mpemba mwenyewe hulalamikia.

Kichina changu kilikuwa cha kuombea chakula. Siku ya kwanza wodini nikasikia wauguzi wakisema "yeye, yeye", nikageuka kila mara kutazama ni nani anayesemwa. Kumbe kwao yeye ni babu, na mzee yeyote huitwa hivyo kwa heshima. Siku ya tatu nikauliza ule ugonjwa ulioandikwa juu ya kila kitanda unaitwaje. Zhongfeng. Zhong ni kupigwa, akanieleza daktari kijana aliyejua Kiingereza. Feng ni upepo.

Nilicheka peke yangu ukumbini mpaka nikaonekana mgonjwa mpya. Safari yote ile, ndege mbili na siku moja na nusu, kuja kuambiwa kwamba Ami kapigwa na upepo.

Upepo wa Wachina si jini: hauna pembe wala hauombi ubani. Katika tiba yao ya kale ni kitu kinachoingia mwilini ghafla, kikaziba mapito na kumfunga mtu. Mwaka 1972, mjini Tianjin, daktari Shi Xuemin alianzisha mtindo wa sindano kwa ajili ya kiharusi, jina lake likiwa na maana ya kuuamsha ubongo na kuifungua milango yake. Sasa mtindo huo umeenea China nzima. Nilikuwa nimedhani sindano za Kichina huchomwa popote panapouma. La, kuna ramani, na kila kituo kina jina lake. Kimoja kiko ndani ya mkono, vidole vitatu juu ya kifundo. Kingine kiko ndani ya mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Cha tatu, kinachoogopwa na kila mtu, kiko kwenye kimfereji kati ya pua na mdomo. Pale sindano hudonolewadonolewa kama ndege anayekula mtama mpaka macho ya mgonjwa yalowe. Machozi hayo kwao ndiyo kipimo.

Kwa waliopotewa na lugha huongezwa vituo vingine: juu kidogo ya kikoromeo, sindano ikielekezwa kwenye shina la ulimi, mishipa miwili chini ya ulimi, inayodungwa mpaka itoke damu kidogo, ngozi ya kichwa upande wa kushoto, juu ya maeneo ya lugha, na kituo kimoja karibu na kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo. Nikauliza, mkono na maneno vina undugu gani? Nikajibiwa kwamba hiyo ni njia ya moyo, na moyo mlango wake ni ulimi. Hapo sikuweza kuleta ubishi. Sisi wenyewe husema mtu kayatoa ya moyoni, na hatutazami ubongo tunaposema hivyo.

Mzee wa kitanda cha 14 alikuwa akikata tiketi kwenye vivuko vya mto Yangtze. Neno lake lilikuwa moja tu: "hao", yaani vizuri. Unaumwa? Hao. Umekula? Hao. Mkewe alikuwa akimpiga kibega kidogo na kuniambia kwa ishara kwamba miaka arobaini ya ndoa hakupata kukubaliwa namna hii. Asubuhi alichomwa sindano, nusu saa. Mchana alipelekwa chumba cha sumaku. Kutoka hapo, kabla hajapoa, aliingizwa kwa mwalimu wa maneno.

Sumaku ndiyo iliyonivuta zaidi, labda kwa kuwa haikuhitaji imani. Asili yake ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inayobadilika huzaa umeme kwenye kitu kilicho karibu nayo. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, mjini Sheffield, Uingereza, waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha pigo la sumaku, na mkono wa mtu yule ukaruka. Fuvu halikufunguliwa wala waya haukuingia popote. Niliomba nijaribiwe. Fundi akaniwekea koili yenye umbo la namba 8 upande wa kushoto juu ya sikio, akaisogeza kidogo kidogo kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, kisha: ta! Kidole gumba changu cha kulia kikaruka bila idhini yangu. Maumivu hakuna, ila mshtuko kama wa kupigwa kibao cha utani. Kidole hicho ndicho kipimo cha nguvu ya mashine kwa kila mgonjwa, kwa kuwa mafuvu hayalingani.

Pigo moja huamsha. Mapigo mengi hufundisha. Yakija kwa haraka, kama mara 10 kwa sekunde, sehemu ile ya ubongo huelekea kuchangamka. Yakija polepole, mara moja kwa sekunde, huelekea kutulia. Mzee wa kitanda cha 14 alipata ya polepole, dakika 20, yaani mapigo 1,200. Na hapa nikadhani fundi amekosea, kwa sababu koili ilikuwa upande wa kulia, upande mzima.

Nilieleweshwa kwa kitu ambacho Ami angekielewa kabla yangu. Ubongo una nusu mbili, na kila nusu huizuia nyingine kidogo, kama vitanga viwili vya mizani. Kiharusi kinapokiharibu kitanga cha kushoto, cha kulia hakina tena wa kukizuia, kikashuka kwa uzito wake. Kelele zake huzima hata kile kidogo kilichosalia kushoto. Basi ukiituliza kulia, huenda kushoto kukasikika. Wazo hili lilijaribiwa Boston na Margaret Naeser na wenzake. Mwaka 2005 walitangaza kwamba wagonjwa wachache wenye afasia ya muda mrefu waliweza kutaja majina ya picha vizuri zaidi baada ya siku 10 za mapigo ya polepole upande wa kulia. Jina hilo nililikumbuka kwa jambo jingine: huyo huyo Naeser ndiye aliyekuwa akichunguza sindano za Kichina kwa waliopooza, tangu miaka ya tisini mwanzoni. Wakati wengine wanabishana sumaku au sindano, mama huyu alikuwa na vyote viwili mkobani.

Mfano wa mizani ni mzuri, lakini nauamini nusu. Mgonjwa ambaye upande wa kushoto umeharibika sehemu kubwa huenda maneno machache aliyobaki nayo yanatoka kulia. Ukiituliza kulia kwake, umemnyang'anya. Kwa hiyo mashine haiwekwi kwa kukisia. Hutazamwa kwanza picha ya ubongo. Na mwenye kibanio cha chuma kwenye mshipa wa kichwa, au kifaa cha kusikilizia kilichopandikizwa, hasogezwi karibu nayo. Mwenye kifafa huangaliwa kwa hadhari kubwa. Sindano za kichwani pia huchomolewa kabla, maana chuma na sumaku havikai pamoja.

Kuna na njia ya umeme mdogo: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, na mkondo wa miliampia 1 hadi 2 kwa dakika kama 20. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionesha mwaka 2000 kwamba mkondo hafifu hivyo hubadili wepesi wa ubongo kuitikia. Haulazimishi seli kufyatuka. Huzisogeza karibu na mlango. Mashine yake ni ndogo na nafuu, na kwa sababu hiyo mafundi wa kujifunza wenyewe wameanza kujiunganishia betri vichwani. Tafadhali, msifanye hivyo.

Sasa kwa nini sindano na sumaku pamoja? Maelezo niliyopewa ni haya. Sumaku hugonga kutoka juu, moja kwa moja kwenye ubongo. Sindano hugonga kutoka chini: ulimi, koo, mkono na uso vyote hupeleka habari ubongoni kupitia neva, na picha za ubongo zimeonesha kweli kwamba sindano ikichomwa, sehemu fulani za ubongo hubadili mwenendo. Ukigonga mlango kutoka pande zote mbili, aliye ndani huenda akaamka mapema. Kisha, wakati ubongo ungali laini, mwalimu wa maneno anaingia.

Wazo hili linavutia. Lakini nimekaa na makaratasi ya majaribio hayo jioni nyingi, na lazima niseme nilichokiona. Majaribio ya kuchanganya hivi viwili karibu yote yametoka China, mengi ni ya hospitali moja yenye wagonjwa wachache, na takriban kila moja linamaliza kwa kusema mchanganyiko umeshinda. Mtu wa mizani akiona kila gunia lina uzito uleule, huichunguza mizani. Andrew Vickers na wenzake walifanya hivyo mwaka 1998: walikusanya majaribio ya akupancha ya nchi mbalimbali wakakuta yale ya China yote yamedai mafanikio, hata moja halikushindwa. Na sindano ina tabu ya pekee. Kidonge cha unga wa bure utampa mgonjwa asijue. Sindano ya bure utamchomaje bila kujua mwenyewe, wewe unayechoma?

Hata hivyo, yapo majaribio yaliyosimama vizuri zaidi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la sindano peke yake, bila sumaku, katika hospitali tatu za China. Wagonjwa walikuwa 252, waliopotewa na uwezo wa kusema baada ya kiharusi. Wote walipata mafunzo ya lugha. Nusu walichomwa vituo vya kweli mara 30 kwa wiki sita, nusu wakachomwa kwa kuigiza. Waliopata za kweli waliwazidi wenzao kama pointi 8 katika kipimo cha lugha chenye pointi 100. Nane si muujiza, lakini kwa mtu mwenye maneno matano ni jambo. Kwa upande wa umeme wa sponji, wachambuzi wa Cochrane mwaka 2019 walijumlisha majaribio 21 yenye watu 421 wakakuta dalili kwamba wagonjwa hutaja majina ya vitu vizuri zaidi, lakini hawakuona ushahidi kwamba mazungumzo yao ya kila siku yanaboreka. Mtu anaweza kuitambua picha ya sufuria kliniki na akashindwa kumwambia mkewe sufuria inaungua.

Anayeniuliza ni lipi lenye uhakika kuliko yote, mimi humjibu kwa jambo lisilo na mashine. Ujerumani, mwaka 2017, Caterina Breitenstein na wenzake walitangaza matokeo ya watu 156 ambao kiharusi chao kilikuwa kimepita zaidi ya miezi sita. Walifundishwa maneno saa 10 au zaidi kwa wiki, kwa wiki tatu. Mazungumzo yao ya kila siku yakaboreka. Saa 10! Ami alipata saa ngapi? Sifuri. Nami nilikuwa hapohapo kila siku, nimekamata goti.

Yule mwalimu wa maneno wa Nanjing, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, hakuwa na chochote cha ajabu mezani: tiketi za zamani za kivuko, picha ya mto, bata wa plastiki kwa kuwa mji ule una kitoweo chake cha bata wa chumvi. Aliimba neno kwa tuni mbili, juu na chini, akigonga mkono wa kushoto wa mzee kwa kila silabi, mtindo uliobuniwa Boston miaka ya sabini. Wiki ya tano mzee alisema "chuan", mashua. Mkewe aliweka chini mfuko wa matunda. Siku hiyo hakumpiga kibega.

Ilikuwa sindano? Sumaku? Tiketi? Siku zenyewe, maana ubongo hujitengeneza wenyewe kwa kasi miezi mitatu ya mwanzo? Hakuna aliyekuwa wodini ambaye angeweza kuapa.

Usiku ule nilijiuliza, mwalimu kama yule akija Wete atafundisha nini? Kichina hakina viambishi vya nyakati kwenye kitenzi. Kiswahili chetu kitenzi kimoja ni gunia zima: nani, lini, nini, kwa nani. Mkenya Tom Abuom, akifanya kazi na Roelien Bastiaanse wa Groningen, Uholanzi, aliwachunguza Wakenya wenye afasia wanaosema Kiswahili na Kiingereza, na maandishi yao yakatoka mwaka 2012 na 2013. Wakaona kwamba kuyasema yaliyopita ndiko kulikowatatiza zaidi. Nilisoma hayo nikaiweka simu chini. Ami, katika vitenzi vyake viwili vitatu, alikuwa akisema "nakunywa", "nalala". Sikupata kumsikia akitumia "li" ya wakati uliopita.

Nilirudi na pakiti mbili za chai na bila mashine yoyote. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani, mimi, Ami na watoto wa nyumba. Tulianza na alichokuwa nacho. Moja, mbili, tatu, na hapo mtoto anamshika mkono, na mkononi mna karafuu tatu. Tatu. Basi tena. Ilichukua wiki mbili mpaka ajifunze kusimama kwenye ngazi bila kupanda yote. Halafu pishi, kipimo cha wachumaji. Halafu gunia, jamvi, mvua. Mara mbili kwa wiki alikwenda kwa daktari wa Kichina wa sindano. Bimkubwa aliamini sana ile ya chini ya pua, Ami aliichukia, na mimi sikuwaingilia. Sindano zilikuwa mpya, za kutumika mara moja, na daktari alikwishaambiwa kuhusu dawa zake za kulainisha damu. Nilichokataa ni siku ya sindano kuwa siku ya kuacha barazani.

Mwezi wa tano alikuwa na maneno yapata arobaini. "Na" ilikuja, "ta" ikaja: "takwenda." "Li" haikuja.

Msimu ulipofungua nilimpeleka kituoni. Karani wa sasa ni kijana, akainuka kumpa kiti. "Shikamoo mzee." "Marahaba," Ami alijibu, neno ambalo hakulipoteza hata siku moja. Gunia likapandishwa. Aliutazama mshale. Midomo ikaanza kwenda, bila sauti, muda mrefu mpaka wachukuzi wakanyamaza.

"Nilipima," akasema.

Nikamshika bega. "Ulipima nini, Ami?"

"Chai."

Kijana akacheka kwa furaha, akatuma mtoto mbio kwenye mgahawa. Kikombe kilipofika Ami alikitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa hasira za mtu aliyesikiwa vibaya, akalinyooshea gunia kidole. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na watu wana mizigo. Akainywa ile chai, yote, huku kidole bado amekinyoosha.